Mke Mlimani, Mume Mtamboni

Watu wa bondeni walimwita Mita. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu kila aliposimama mkutanoni alisema lilelile: mtu asilime wala asichimbe ndani ya mita thelathini kutoka ukingo wa mto. Alilisema sokoni, akalisema kisimani, akalisema hata kwenye harusi ya binti wa jirani huku ameshika sahani ya chakula, mpaka watu wakachoka kucheka wakambatiza. Hakukasirika. Mratibu wa jamii ambaye hajapewa jina la utani, alikuwa akisema, bado ni mgeni.

Kazi yake ilikuwa kuwakalisha pamoja watu ambao hawakupenda kukaa pamoja: wakulima wa mteremkoni, wachungaji, wafyatua matofali, na akina mama wa kamati ya mto waliopanda mianzi ili ukingo usiporomoke. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye ramani ya bonde ukutani, meza iliyolegea mguu, na miche barazani iliyotakiwa kumwagiliwa hata siku za sikukuu. Chumba cha nyuma ndicho alicholala.

Mume wake alikuwa chini kabisa, mto huohuo unakoingia mjini. Alikuwa fundi katika mtambo wa kusafisha maji, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka kwa mkewe. Walipooana, yeye Mita alikuwa tayari ameahidiwa kazi ya mlimani. Wakaambiana wavumilie kidogo. Hicho kidogo kikaota mizizi, kikawa miaka.

Jioni walizungumza kwa simu. Mtandao ulishika vizuri nyuma ya ofisi tu, karibu na tangi la maji ya mvua, kwa hiyo Mita alisimama hapo ameegemea ukuta.

"Jana ulinyeshewa," mume alianza jioni moja.

"Nani kakwambia?"

"Maji yenyewe. Yameingia huku yana rangi ya chai ya maziwa. Nikasema, mke wangu jana kalowa."

Mita alicheka. Simu ikikatika hakuondoka mara moja. Alibaki pale ameishika shavuni, bado ina joto, kama vile sauti ingeweza kurudi. Alichotamani hakikuwa kikubwa. Alitamani kusikia mtu akikohoa chumba cha pili. Alitamani kuosha vikombe viwili badala ya kimoja. Siku nyingine, akikunja nguo, alikuta shati la mume alilolibeba kwa makosa likizo iliyopita, na alilikunja polepole kuliko nguo zake zote.

Mtu aliyemsumbua zaidi pale bondeni alikuwa mkubwa wa wafyatua matofali, waliyemwita Tanuri. Hakuwa mtu mbaya. Hakukosa mkutano, alikubali kila neno, alipiga makofi kuliko wote, na kesho yake alikuwa ukingoni na sepeto lake.

"Dada Mita, mimi nakusikia sana," alimwambia siku moja, tope limemfika magotini. "Lakini tofali linataka udongo na linataka maji. Vyote viko hapa. Ukinihamisha huko juu nikafyatue kwa mate?"

Mita alilitazama shimo, akautazama na mto. Akaondoka akiwaza, na mvua za masika zikamkuta bado anawaza.

Zilinyesha kwa fujo. Asubuhi moja ukingo uliokuwa umetobolewa kwa mashimo ya matofali ulikatika, ukaenda na mto. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, lakini mianzi ya akina mama ilikwenda yote, na njia ya kwenda sokoni ikabaki nusu. Mita alikuwa amesimama kwenye mvua akiangalia maji mekundu mazito yanavyopita, na akajua yanakokwenda.

Siku iliyofuata mume alipiga mchana. Hakuwa na kawaida ya kupiga mchana.

"Watu wako wanafanya nini huko?" alisema, hata salamu hakutoa. "Tumefunga valvu zote. Matangi yamejaa tope, vichujio vimeziba, mji mzima hauna maji. Sijalala tangu jana."

"Watu wangu?"

"Wewe si ndiye mratibu? Miaka yote hiyo unaratibu nini?"

Mita alihisi kama amepigwa kibao. "Njoo uratibu wewe," alisema. "Wewe ambaye hujawahi kufika hata siku moja kuona ninapolala." Akakata simu.

Jioni hiyo mume hakupiga. Ya pili hakupiga. Mita naye hakupiga. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na katikati yao mto ulipita usiku na mchana bila kujali aliyenuna. Alikwenda kusimama nyuma ya ofisi saa ileile ya siku zote, akijifanya anakagua tangi. Lilikuwa limejaa pomoni, halina haja ya kukaguliwa.

Mwenyekiti wa kamati ya mto alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mita alimfuata kibarazani kwake na wazo alilolipata akiwa amelala macho wazi: wakodi gari, wawachukue wafyatua matofali na wakulima wachache, wakaone kwa macho yao mtambo unavyoteseka na tope lao.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Tunakwenda kuuona mtambo, au tunakwenda kumwona shemeji?"

Mita alitaka kukana. "Vyote viwili, mama," akasema.

"Haya. Maana ungesema mtambo peke yake, nisingekuja."

Waliondoka usiku, mvua zikiwa zimepumzika kwa siku kadhaa, wakafika mjini mchana, wamechoka na vumbi kichwani. Mume alikuwa langoni, amevaa ovaroli na buti za mpira. Amekonda, Mita aliona. Ndevu hazijanyolewa. Walikuwa hawajaongea tangu siku ile ya simu, isipokuwa ujumbe mfupi wa kazi kuhusu ziara. Mbele ya watu walipeana mikono.

"Karibu, mratibu."

"Ahsante, fundi."

Nyuma yao mama wa cherehani aliguna.

Mume aliwatembeza. Aliwaonyesha maji yanapoingia, wanapoyatia shabu ili tope ligandane na kuzama, na matangi mapana ambamo hutuama. Moja lilikuwa limekaushwa lisafishwe. Chini yake kulikuwa na tope jekundu limepasukapasuka, na vibarua walikuwa wanalikomba kwa majembe. Tanuri, aliyekuwa anafanya mzaha tangu walipoingia, aliomba kushuka. Alichukua donge, akalivunja, akalisugua kwa vidole, akalinusa.

"Shemeji," alisema, "huu udongo nimeulea mwenyewe. Mnanirudishia lini?"

Watu walicheka. Mume pia alicheka, na Mita alipousikia mcheko huo bila simu katikati, ilimbidi aangalie pembeni.

Kisha mume akaeleza siku ile ya kufunga valvu: foleni za ndoo hapo nje ya lango, akina mama na wazee wakingoja tangu alfajiri. Tanuri aliacha kucheka. Alikaa kwenye ukingo wa tangi, donge bado mkononi.

"Binti yangu ameolewa hapa mjini," alisema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Alinipigia siku hiyo. Ana kichanga, na ndani hakuna tone. Mimi nikamwambia watu wa maji wa mjini wavivu, nenda ukawafokee." Akaligeuza donge mkononi. "Sasa shemeji, nikihama ukingoni, maji ya kukandia udongo nitayatoa wapi? Hilo ndilo mniambie. Hayo mengine nimeyaona."

Mume alimtazama mkewe. "Udongo mwingine mzuri upo?"

"Upo nyuma ya shule," Mita alisema. "Shimo la zamani. Ni mbali na mto, ndiyo maana hawalitaki."

"Mbali kiasi gani? Pampu ndogo na bomba vinaweza kufika?"

Wakaanza kuongea, wawili hao, kuhusu mwinuko na unene wa bomba, wakichora kwa kijiti kwenye vumbi. Wamesahau kwamba wamenuniana. Walipoinua macho, wageni walikuwa wamewaacha, wamekwenda kungoja kivulini.

Gari lilipowashwa, Mita alikuwa wa mwisho kupanda. Mume alisimama chini, mikono mifukoni.

"Baki," alisema kwa sauti ya chini. "Hata leo tu."

"Nimewaleta mimi. Lazima niwarudishe."

Mama wa cherehani alitoa kichwa dirishani. "Kwani sisi mizigo? Njia ya kwetu tunaijua. Dereva, twende!" Na gari likaondoka, Tanuri akipunga mkono kwa nguvu kama anayewaaga maharusi.

Nyumbani kwa mume, Mita aligundua jambo lililomuuma. Hakujua sukari siku hizi inakaa wapi. Alifungua kabati la kwanza, akafungua la pili, na mwisho akauliza. Mume akamwonyesha, na wote wawili wakaona aibu.

"Nimekuwa mgeni kwako," Mita alisema.

"Na mimi kwako sijawahi kuwa hata mgeni." Alikaa. "Maneno ya siku ile, nisamehe. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nimesimama kwenye tope mpaka kiunoni, nikawaza: hiki ndicho ninachopata kutoka kwake. Tope. Yeye mwenyewe sipati."

Chai ikapoa. Walizungumza yote waliyokuwa wanaogopa kuyasema kwenye simu. Mume alisema kuna nafasi hapo mjini, katika ofisi kuu ya shirika lililomwajiri Mita, na angeweza kuomba. Mita alisema anaijua, na kwamba mara mbili alikaa kuandika maombi akaishia kuangalia dirishani. "Nikiondoka leo, Tanuri atarudi ukingoni kesho. Si kwa ubaya. Kwa mazoea." Mume alikizungusha kikombe chake mezani. Kisha akasema mtambo una bajeti ya kulinda chanzo, hakuna aliyewahi kuigusa kwa sababu hakuna aliyejua aanzie wapi. Yeye sasa anajua.

Alikuja kiangazi kilipoanza, na pampu, mabomba, na begi moja la nguo. Kwa mara ya kwanza tangu waoane walikaa nyumba moja, yaani chumba kimoja cha nyuma ya ofisi, muda wa kutosha kukasirishana. Alikoroma. Alikausha soksi juu ya miche. Watu wote walimwita shemeji, hata wazee, na alipopita njiani watoto walipiga kelele "Mume wa Mita!" Alichimba mtaro wa bomba pamoja na wafyatua matofali, na siku maji yalipotoka nyuma ya shule, Tanuri alivua kofia akakinga nayo, akanywa, akasema yana ladha ya plastiki lakini atahama.

Akahama kweli. Akina mama walipanda mianzi upya. Mita alikuwa na furaha iliyomtisha. Alikuwa anaamka alfajiri, anasikiliza pumzi za mume, na badala ya kulala tena anazihesabu kama mtu anayejua zitakwisha.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mtambo ukamwita mume arudi. Msimu wa mvua ndio msimu wake wa kazi. Walikuwa wameshakubaliana. Mita atakaa mpaka kamati isimame yenyewe, na mama wa cherehani alikuwa tayari anaendesha mikutano bila kumwangalia. Baada ya hapo atashuka. Alilisema mwenyewe, wala hakulazimishwa. Lakini alipokuwa akilisema aliangalia nje, bonde limelala kwenye ukungu, na akahisi kitu kinamvuta upande wa pili. Kumbe siku atakapokuwa na mume wake kila jioni, atakuwa anaulilia mlima huu.

Alimsindikiza kituoni asubuhi. Mume alimrekebishia kitambaa cha kichwa, kisha akapanda, na basi likaenda bila hata kungoja abiria wajae.

Mita hakutaka kurudi chumbani. Miguu ilimpeleka nyuma ya shule, ambako Tanuri na wenzake walikuwa wanafyatua, safu za matofali mabichi zimetandazwa juani.

"Shemeji kaondoka?" Tanuri aliuliza.

"Kaondoka."

Alimtazama kidogo. Hakutania. Aliosha kalibu ya kufyatulia kwenye ndoo, akamnyooshea.

"Shika basi. Leo tuna upungufu wa mikono."

Mita alivua viatu, akapandisha sketi, akaingia. Udongo ulikuwa baridi na laini. Tofali lake la kwanza lilitoka limepinda, na watu wakalicheka. La pili likatoka zuri. Aliendelea kujaza, kusawazisha, kupindua, mpaka jua likawa utosini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini anajifuta uso kwa kiwiko kila mara.