Chapati ya Mama Fred

Kilichomgutusha Boke kwanza ni chapati. Ilikuwa imeumwa upande mmoja, na katikati ya alama za meno kilibaki kipande chembamba kimesimama kama kidole. Aliiona Jumatatu kwenye simu ya kupangusa ya jirani yake, Dafroza. Picha ilikuwa na Biblia iliyofunguliwa, kikombe cha chai ya maziwa na hiyo chapati. Chini yake Mama Fred, mwenyekiti wa akina mama wanaosoma Neno pale Mwisenge, alikuwa ameandika: "Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi nimeshakula chakula cha roho. Wewe je?"

Jumatano chapati ikarudi. Ukurasa ulikuwa mwingine na kitambaa cha meza kingine, lakini kidole kilisimama vile vile.

"Dafro, huyu mama chapati yake haiishagi?"

"Labda unga wake ni wa yule mjane aliyemlisha Eliya," Dafroza alisema, akacheka mpaka simu ikamponyoka, ikaangukia dagaa wa Boke walioanikwa.

Sheria ya picha aliitunga Mama Fred mwenyewe, mwezi uliopita. Kila mama atume picha ya Biblia yake kwenye grupu kabla ya saa moja asubuhi, naye atampigia vema kwenye kadi. Anayekosa wiki nne anaondolewa, na kama Biblia aliazimwa na kikundi, anairudisha ili apewe mwenye bidii. Tena aliwafundisha namna ya kusoma. Tafuta kona yako tulivu, alisema, tandika kitambaa cheupe, weka na ua kama unalo. Yeye kona alikuwa nayo, na dada wa kazi wa kuifagia. Siku nyingi za wiki alilala na kushinda mji wa Bunda, kwenye duka lake la mapazia.

Kona ya Boke ilikuwa na kunguru. Alfajiri alipokea dagaa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi ilipofika ufukweni, akawaanika juu ya nyavu kuukuu, akawageuza. Jua likishapanda alikaa juu ya jiwe, mtoto mgongoni, fimbo ya kufukuzia ndege mkono mmoja na Biblia ya kikundi mkono wa pili. Alisoma mistari mitatu tu. Kidole kilitangulia, midomo ikafuata. Shule aliiacha kwao Bukima akiwa darasa la nne, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akisoma. Alianza Mwanzo bila kuruka jina la mtu. Mwaka wa nne sasa, yuko Hesabu. Simu yake ilikuwa kitochi, haipigi picha, kwa hiyo kwenye kadi ya Mama Fred alikuwa mama ambaye hajasoma hata siku moja.

Ijumaa jioni walikutana barazani kwa Mama Fred. Sala ilipokwisha mwenyekiti alitandaza kadi mezani.

"Mama Mugeta, simama mwanangu." Alimwita Boke mwanangu ingawa hawakupishana miaka kumi. "Wiki ya nne hii. Kadi yako ni nyeupe kuliko kitambaa changu."

"Simu yangu haina picha, mwenyekiti."

"Azima. Mbona chumvi unaazima?"

Watu wakacheka.

"Nasomaga asubuhi, nikianika."

"Unasoma unaanika, au unaanika unasingizia kusoma? Lete hiyo Biblia." Mama Fred aliipokea kwa vidole viwili, akainusa, akageuza uso pembeni. "Jamani. Neno la Bwana linanuka dagaa. Nitaianika juani wiki nzima kabla sijampa mtu."

Boke alihisi mikono yake mitupu kuliko siku zote. Kitabu kingine hakuwa nacho, wala hakuwa na mahali pa kukitoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, Jumanne ulisomea wapi?"

"Hapa hapa nilipokaa. Picha si mliiona? Jua la asubuhi limepiga kwenye ukurasa, nikaandika, jua la Mwisenge linawaka na Neno linawaka."

Nusu ya wale akina mama walikuwa waanika dagaa, na mwanika dagaa anaweza kusahau siku ya ubatizo wake lakini si siku ya mvua. Jumanne ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa sita. Walichoanika chote kilioza, wakawamwagia kuku.

"Jua hilo," alisema Mama Shija, mzee kuliko wote, "ungetugawia na sisi."

"Na chapati ungeimalizia tu," Dafroza akadakia. "Wiki nzima imeumwa."

Simu zikatoka mikobani. Vichwa viliinamiana, vidole vikapangusa nyuma na mbele, na kicheko kikaanza pembeni kama chungu kinachotaka kuchemka. Mama Fred hakuwa mtu wa kushindwa nyumbani kwake. Aliisukuma Biblia mezani.

"Haya, msomaji. Soma tukusikie. Ulipoishia."

Boke alifungua. Gamba la dagaa lilidondoka juu ya kitambaa cheupe. Akaweka kidole. Ilikuwa orodha ya majina ya watu waliokufa zamani, baba na mwanawe, na koo zao, ukurasa ambao hakuna mtu angeuchagua kwa kujionyesha. Jina la kwanza alilikata vipande vitatu. Kuna aliyeguna. La pili alirudi nyuma akalianza upya. Jasho lilimtoka, mtoto alilia, naye aliendelea, jina kwa jina, kidole hakikuruka hata moja, mpaka nukta ya mstari wa tatu. Hapo akafunga.

"Huyo anajua alipoishia jana," alisema Mama Shija. "Mwachie Biblia yake."

Mama Fred alianza kukusanya kadi zake, akasema chai inapoa. Haikuwa imeletwa chai.

Asubuhi iliyofuata Dafroza alikuja mwaloni na simu mkononi.

"Leo kimya. Hakuna picha, hakuna chapati." Akachuchumaa kando ya nyavu. "Dada, wewe ni mama wa imani. Miaka mitatu na zaidi hujakosa siku. Unaweza vipi?"

Boke aligeuza dagaa mpaka mwisho wa wavu. Biblia ilikuwa juu ya jiwe, imefungwa.

"Kila siku nilikungoja uje na hiyo simu," alisema. "Tangu mwanzo nilikuwa nikiona picha za yule mama, nasoma kwa hasira. Tangu nione chapati, hasira imezidi. Sikuwa nasoma kwa kumpenda Mungu, Dafro. Nilikuwa nasoma kwa kumdharau Mama Fred. Na leo hata sijafungua."