Kikombe cha Sita

…wala haoni haya, macho yote kwenye karatasi iliyo mkononi mwangu, mwizi huyu, amesimama mlangoni mwa jiko langu kofia kaikumbatia kifuani, wino mpaka viwikoni, na mimi nakifunga kwa karatasi kikombe cha kumpelekea dada yangu, pole pole, sinyanyui uso, maana nikiunyanyua tu Josiah ataniuliza tena, mume wangu akishika jambo habanduki, "Tabitha, liseme mbele yake, ulimwona au hukumwona?"… si nilishasema jana, nilisema Jumanne nilimwona Obadiah akitokea mlango wa nyuma, koti limemvimba ubavuni, anatembea kiupande kama kaa, na mtu aliyebeba kilicho halali yake hatembei kiupande… miaka kumi na mitano anatuvutia mtambo wa kuchapa, kila karatasi ya nyumba hii inapita mkononi mwake, sasa nani mwingine angeweza, nani, na kitabu chenyewe hicho hapo mezani kando ya siagi, kidogo, kibaya, karatasi ya kijivu, kimeingia jana asubuhi kutoka Dublin, Mjane wa Bristol, juzuu ya tatu, mali yetu sisi, na yetu wenyewe bado inaning'inia darini kwenye kamba ikikauka, haijashonwa hata nakala moja, London nzima inangoja kujua kama mjane ataolewa, kumbe Dublin walishajua zamani, na sheria yetu ya haki ya kuchapa haivuki maji, wachapaji wa kule wanakula jasho letu huku wanatucheka, lakini lazima mtu awapelekee karatasi, zenyewe hazina miguu… "Ni vipande vya mishumaa, Bibi," Obadiah anasema, "mabaki tu, mke wangu yu karibu kujifungua na chumba chetu kina giza mchana kutwa," haya, mishumaa, msikie, angesema soseji ningemwamini upesi zaidi, "Mishumaa!" Josiah anapiga meza, kikombe kinaruka, nakidaka, "kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nalisikia tu, leo nimeliona. Obadiah, neno moja la mke wangu, na hakuna nyumba ya kuchapa mji huu itakayokupa hata ufagio," na kweli atafanya hivyo, atazunguka mitaa yote nyuma ya kanisa kuu akilitaja jina lake, mtoto atazaliwa baba hana kazi… lakini mbona Josiah analitaka mno neno langu, amwondoe mwenyewe basi, ana mdomo, au anataka kesho mtambo ukisimama aseme ni Tabitha, ni maneno ya wanawake, namjua huyu, mimi simwamini mtu anayenibembeleza…

…zungusha karatasi, usiifinyange, Dorcas alisisitiza hivyo, dada yangu na masharti yake, cha sita hiki na ndicho cha mwisho, alivitaka kimoja kimoja kila baada ya majuma mawili, "visije vikavunjika vyote safari moja, dada, na ukifunge kwa karatasi nyingi," Dorcas huyo huyo aliyevunja sahani zote za mama yetu, lini amekuwa mwangalifu, ndoa imemfunza labda, mumewe mpole, naye mchapaji, lakini wa matangazo ya mnada tu, ndivyo alivyoandika, na karatasi hainigharimu kitu, ni ya kapu langu, iliyodondokewa wino, iliyochapwa kombo, nyumba zote za kuchapa ni hivyo, iliyoharibika ni ya mke wa bwana, nawashia moto, natandika chini ya mkate, karatasi yenye doa si kitabu, baba aliniambia hivyo nikiwa mdogo bado napanda kitini kuifikia meza, naye alikuwa fundi wa kuchapa, sijawahi kusoma hata moja, nani husoma makapi… ila vikombe vyangu hajavisifu hata mara moja, ua la buluu nililolichagua kwa nusu siku, kimya, kila barua ni karatasi nyingi, karatasi nyingi… "Na hata kuiba hawajui!" Josiah amekifungua kile kitabu, "sikia, ukurasa wa arubaini, mjane anaibusu barua. Anaibusu! Wakati kwetu anaichana! Wamejitungia mistari minne hawa, mwizi amewaletea karatasi iliyokatika pembe," imekatika pembe, "Pembe ipi?" nauliza, mdomo umeniponyoka, "Ya chini, kulia, sasa wewe yakuhusu nini?"…

…birika. Mungu wangu, birika. Safari ya pili, nilimpelekea na birika, mdomo wake ulikuwa wazi, ungevunjika njiani, nikachana pembe ya karatasi, ya chini, kulia, nikaiviringisha nikaisokomeza mdomoni mwa birika, nikajisifu, Tabitha una akili… kilichobaki nikamfungia kikombe cha pili, na karatasi nyingine cha tatu, na cha nne, kila juma kilichochapwa ndicho kilichoharibika, ndicho kilichoondoka, kwa mpangilio, kwa mkono huu, nauli nimelipa mwenyewe… Dorcas, we Dorcas, nimekulea mimi… na kila kitu bado kiko pale pale, siagi, kitabu, kofia kifuani, "Tabitha, watu tuna kazi. Ulimwona au hukumwona?" neno moja tu, ndiyo, nalo nilishalisema jana, kulisema tena si kazi, Josiah hatajua, nani atamwambia… Obadiah. Namtazama sasa. Hanitazami mimi, anatazama karatasi, na macho yale si ya mwizi, nilikosea, anazihesabu, anaijua kila karatasi kwa doa lake maana ni yeye aliyeivuta, ameona kikombe, ameona anwani ya Dorcas, ya Dublin, imeandikwa ubavuni mwa kasha, anajua, tangu nilipokaa hapa anajua, angenyoosha kidole tu akapona, na hajanyoosha, amesimama na mishumaa yake na mtoto wake anayekuja, anangoja niseme mimi… lo, aibu hii nitaiweka wapi… "Tabitha!" nasikia, mume wangu, nakusikia, kamba ya kikombe nimeikaza mno, haifunguki kwa kucha, naishika kwa meno, azione karatasi mwenyewe.