Sauti Iliyowekwa Kichwani

Kila asubuhi, mpunga ukishatwangwa, Bi Waridi wa Kasongo aliketi mkekani kumfundisha mjakazi wake Feza kuimba kasida. Mkononi alishika mwiko. Feza akikaza koo, alipigwa nao shingoni.

"Pumzi itoke tumboni! Fungua koo kama unapiga miayo. Ebo, unalia kama mbuzi!"

"Bibi, kule juu kuko mbali."

Ubeti mmoja ulipanda mno, na Bi Waridi mwenyewe sauti ilimkatikia pale tangu ujana wake. Hilo lilimchoma. Basi akatangaza mbele ya wanawake wenziwe: "Atakayefika pale juu, siku ya harusi ya binti yangu, namwacha huru." Feza alikuwa na mtoto mji wa Kabambare, mtumwa wa bwana mwingine, na alitaka kumfuata. Aliimba mpaka akatema damu.

"Mjinga we! Sauti ya juu haikai kooni. Iweke kichwani!"

Feza alikuwa amebeba pembe za ndovu kutoka Kabambare mara tatu. Kuweka kitu kichwani alikujua. Alisokota majani ya mgomba akafanya kata, akaiweka utosini, akaitoa sauti kinywani na kuitua juu yake. Sauti yenyewe ilikuwa kubwa kama yai la kanga. Bi Waridi aliitazama, akamwambia anyooshe shingo.

Siku ya harusi, kwenye ubeti ule, sauti iliiacha kata ikapanda mpaka darini, ikaimba bila kukatika. Wanawake walipiga vigelegele, wakarudi kwenye wali wao. Feza alikaa mdomo wazi, hana hata mnong'ono.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa kuandika hati ya uhuru. Bi Waridi akamwonyesha dari.

"Iliyofika juu ni ile. Huyu hajatoka mkekani."

Mwalimu alikuna ndevu, akaona neno ni la haki. Haki, wallahi! Wale wale waliosikia ahadi wakawa mashahidi, mikono bado ina mafuta. Hakuna aliyeona haya.

Sauti, kwa kuwa sasa ni huru, ilitoka kesho yake ikashika njia ya Kabambare. Mwezi ulipokwisha, mpagazi mmoja alileta habari.

"Kule iko sauti, haina mutu. Inaimbia mutoto mumoja. Anaiita mama."

Bi Waridi alisema sauti ile ina adabu, kisha akamtuma Feza maji. Feza alichukua mtungi akaenda, asiweze hata kuuliza kama mtoto ni mzima.