Tawi Lililoshonwa Karatasini

Asubuhi ile nilikuwa nashona sare za shule, miguu iko kwenye cherehani na jicho moja liko kwa binti yangu wa miaka mitatu. Tunamwita Sisimizi kwa kuwa hatulii. Jicho moja halikutosha. Nilipoinua kichwa nilimwona kando ya ua wa miti unaotutenganisha na jirani, midomo imekuwa myekundu, mkononi kashika vitunda viwili.

"Umekula vingapi?"

"Vitamu," akanijibu.

Haikupita nusu saa akaanza kutapika. Mimi na dada yangu tulimkimbiza hospitali. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimsikiliza kifuani, akakunja uso.

"Moyo unakwenda polepole mno. Kala mmea gani?"

"Sijui jina lake, daktari. Ni ua tu wa nyumbani."

"Dada yako abaki na mtoto. Wewe kakate tawi lenye majani na matunda, ulipeleke bustani ya mimea ya chuo kikuu. Muulizie mtunza mimea mikavu, nampigia simu sasa hivi. Nikiujua mmea, nitajua dawa ipi nimpe na ipi nisithubutu."

Miaka yote nilipita nje ya bustani ile nikidhani ni mahali pa maharusi kupigia picha. Siku ile mlinzi alinifungulia geti kabla sijasema neno. Nadhani uso wangu ulikuwa umeshasema.

Mtunza mimea mikavu alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Chumba chake kilijaa makabati ya chuma, kutoka sakafuni hadi darini, na kilinuka vidonge vya kufukuzia nondo. Alilipokea tawi, akavunja jani, likatoa utomvu mweupe. Akaliangalia kwa kioo cha kukuzia, upande wa juu, upande wa chini. Kisha akafungua kabati, akatandika mezani karatasi tatu ngumu, kila moja na mmea wake uliokaushwa ukalala bapa.

"Hawa ni ndugu," alisema. "Wawili watakuumiza tumbo, basi. Huyu wa tatu ndiye mbaya."

Aliweka tawi langu kando ya la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la tatu hakulihamisha tena. Alichukua simu, akamtajia daktari jina la kisayansi refu kama mkufu, halafu akamsomea maneno yaliyoandikwa kwa wino chini ya karatasi: "Umechumwa kwenye ua wa nyumba za wafanyakazi. Mbuzi watatu wamekula, wamekufa. Moyo husimama. Watoto wachungwe."

Nilirudi hospitali nikakuta dawa imeshaanza kuingia mwilini. Sisimizi alilala siku mbili na nyaya kifuani. Siku ya tatu aliamka, akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Nililia mpaka dada yangu akaona haya.

Wiki iliyofuata nilimbeba nikaenda naye kushukuru. Mtunza alijikuna sikio.

"Mama Sisimizi, kabla hujanishukuru, nina jambo la kukwambia. Bustani hii ilianza kama kishamba nyuma ya darasa la kwanza la chuo. Mbegu zilikuwa zinakuja kwenye bahasha kutoka vyuo vingine. Mmea wako ulikuja hivyo hivyo. Watu wakaupenda kwa wekundu wake, chuo kikagawa miche kwa wafanyakazi, wapande ua, nao wakawagawia majirani. Uliotaka kukuulia mtoto umetoka hapa hapa."

Sikujua nikasirike au nicheke.

"Na aliyeandika lile onyo?"

"Alikuwa mwanafunzi. Binti wa kwanza kusoma mimea chuoni hapa. Anaishi nyuma ya posta."

Hasira yangu, kama ilikuwepo, ikaishia hapo. Karatasi ile ilikuwa bado mezani; niliiinamia nikaona uzi ulioshika shina umelegea. Sindano haikosi kwenye ukosi wangu. Niliushona palepale, mishono mitatu midogo. Mtunza alitazama, akatoka, akarudi na karatasi nyingine kumi. Tangu hapo kila Jumamosi nipo pale, na bado hatujamaliza hata kabati moja.

Siku hiyohiyo ya kushukuru, mimi na Sisimizi tulikwenda nyuma ya posta. Bibi mmoja mfupi alifungua mlango robo.

"Sinunui kitu leo."

"Shikamoo, bibi. Hatuuzi kitu. Tumekuja kukushukuru."

"Marahaba. Kwa lipi?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Mmea hakuukumbuka hata kidogo, mpaka nilipotaja mbuzi.

"Loo! Mwalimu alinifokea mbele ya darasa zima! 'Nimekutuma msituni, wewe unaniletea ua wa jirani!' Nikamjibu, mwalimu, mbuzi hawafi msituni." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikaisha. "Mwaka uliofuata mama aliugua, na wadogo zangu walikuwa watano. Niliondoka sijamaliza. Karatasi zangu nilijua zimeshaliwa na mende."

"Zipo zote, bibi."

Alimvuta Sisimizi, akamwekea kiganja kifuani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Miaka yote hii nilijihesabu mtu aliyeachia kazi njiani," alisema. "Asante wewe, mwanangu, kwa kunifuata."

"Mimi ndiye wa kushukuru, bibi."

"Basi tushukuriane, tusigombane."

Jumamosi tulimpeleka bustanini, mimi na mtunza tumemshika huku na huku. Alipewa kiti chenye mto, akaletewa karatasi zake moja moja, mia nne na kumi na mbili. Alisoma mwandiko wake mwenyewe, midomo ikichezacheza, wala hakuna aliyemharakisha. Alipofika kwenye jani moja dogo lenye meno pembeni alisimama, akalisogeza dirishani, akatikisa kichwa.

"Hapa nilikosea," alisema. "Nipeni kalamu."

Mtunza alimpa ya kwake, kwa mikono miwili.