Risasi Kumi na Tano za Bizimana

Kule Guildford, magharibi mwa Sydney, ukitaka mtu makini ulikuwa unatajiwa jina moja tu: Symphorien. Mkewe Emérance alikuwa akisema mume wake akipika ugali atapima unga kwa gramu. Huo ni uzushi mtupu, maana Symphorien jikoni hakukanyaga, lakini utani huo alikuwa anaupenda. Siku za kazi alipanga maboksi kwenye ghala moja, mtaa wa St Marys. Akipata nafasi alijifungia gereji akitengeneza risasi.

Usishtuke. Leseni alikuwa nayo, na bunduki ilikaa ndani ya sefu. Najua waliokimbia vita Kivu hawapendi kusikia habari hizi, na Emérance mwenyewe alikaa miaka miwili bila kuingia ile gereji. Lakini Symphorien ni mtoto wa mwindaji, na huku kulungu wanamaliza malisho ya watu mpaka mwenye shamba anakubembeleza uje. Bunduki yake ilikuwa magnum, ile ambayo ganda la risasi yake lina mkanda wa shaba kuzunguka kitako. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalibana ndani ya kalibu ya chuma lirudie umbo lake, unatia fataki mpya ya kuwashia, baruti iliyopimwa, na kichwa kipya juu. Wakati wa korona maduka yalikuwa matupu, kwa hiyo ganda moja lilirudi kazini mara tano, hata sita.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ganda la namna hiyo ukilibana kupita kiasi, bega lake, pale linapoanza kusinyaa, linarudi nyuma. Ukipiga, shaba inavutika, na inavutikia palepale juu ya mkanda. Kwa nje ganda linang'aa, huoni kitu, kumbe ndani pamechimbika mfereji. Siku likikatika, moto unarudi nyuma kwa mwenye kulenga. Ndiyo maana Symphorien alikuwa na waya mwembamba aliokunja ncha, akautundika msumarini. Kabla ya kutia chochote, aliupitisha ndani ya kila ganda akisikiliza kwa vidole, na ganda lililoukwamisha alilitupa. Hatua hiyo hakuwahi kuiruka.

Akairuka kwa ajili ya Bizimana. Huyu Bizimana, Mrundi, alikuwa rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, na bunduki walinunua za aina moja. Mwezi wa nane, mwaka elfu mbili ishirini na moja, katikati ya lokdauni, korona ilimchukua mkewe Déborah. Kaburini waliruhusiwa watu kumi. Sisi wengine tulizikia kwenye simu, picha inakatika, mtu analia huku amezima sauti yake. Matanga gani hayo, jamani?

Kwa hiyo barabara zilipofunguliwa mwezi wa kumi na moja, Bizimana alimwendea rafiki yake.

“Sympho, watu hawakula kwangu,” alisema. “Nataka kuondoa matanga na nyama niliyoitafuta kwa mkono wangu. Kesho alfajiri naenda kule shambani tulikowinda. Unitengenezee risasi, ndugu yangu.”

“Hata kuomba unaomba? Njoo jioni uchukue.”

Maganda aliyokuwa nayo yalikuwa yamepigwa kwenye bunduki yake mwenyewe, na katika ya Bizimana yangeingia kwa shida. Akaikaza kalibu mpaka mwisho ili yaingie laini. Alifanya hivyo kwa upendo, nataka hilo lijulikane. Alipoanza tu, simu ikalia: maombi ya Ijumaa, kikundi cha WhatsApp, na siku hiyo walikuwa wanamkumbuka Déborah. Sheria ya meza yake ilikuwa hakuna simu. Lakini wewe ungeyakata maombi ya mke wa rafiki yako? Aliiweka kwenye spika. Mchungaji Ephraim aliomba kwa kirefu, akina mama wakaimba kila mmoja na sauti yake imechelewa, na Symphorien akalia machozi huku mikono inaendelea na kazi. Waliposema amina, risasi kumi na tano zilikuwa ndani ya kiboksi, na waya haujatoka msumarini. Jioni ile Bizimana alikuja, akakichukua kiboksi.

Jumamosi saa nne asubuhi, akifagia meza, aliuona ule waya. Alisimama akiutazama, akijaribu kukumbuka. Kisha akachukua maganda matupu yaliyobaki katika fungu lile lile, akapitisha waya kwenye la kwanza. Ukakwama juu ya mkanda. La pili, ukakwama. La tatu alilijaribu mara mbili kwa kuwa hakutaka kuamini.

“Yesu wangu,” alisema, akaketi sakafuni.

Simu ya Bizimana haikupatikana. Kule hakuna mtandao. Emérance alimkuta hapo, akaelezwa, na hakupoteza muda kumlaumu.

“Baba Destin, si pale shambani wana simu ya nyumbani? Piga.”

Namba alikuwa nayo. Walishawinda pale mara mbili. Aliifungua, akaiangalia, akasema kwamba mzungu yule hataelewa Kiingereza chake.

“Kiingereza gani? Miaka kumi na moja unagombana nacho kazini!”

Kweli yenyewe ni hii, na haipendezi. Akipiga, mwenye shamba atajua, klabu ya wawindaji watajua, na kabla ya Jumapili Guildford nzima itajua kwamba Symphorien, yule makini, alimpa rafiki yake risasi mbovu. Lakini akienda mwenyewe na risasi zake nzuri, atasema tu, “Ndugu, nimekuletea bora kuliko zile,” watabadilishana, na mambo yataishia hapo.

“Nitamwahi,” alimwambia mkewe. “Kulungu hawatoki mpaka jioni.”

Aliendesha kwa muda wa saa tano, akapita milima, akaingia nyika ya ngano, na njia nzima alimwomba Mungu amcheleweshe Bizimana. Mara mbili alisimama kutia mafuta na kunywa maji. Mara mbili hizo alikuwa na simu mkononi, na mtandao upo.

Alifika saa tisa. Mke wa mwenye shamba alikuwa anamwaga maji kwenye ngazi, na maji yalikuwa mekundu. Alimweleza polepole: saa nane Bizimana alikuwa ameenda kujaribu shabaha kwenye ubao kabla ya kuwinda. Risasi ya tatu ililipukia nyuma. Mumewe ameshamkimbiza hospitali.

Jicho la kulia halikuokoka. Walipomleta hospitali ya Westmead, huku Sydney, aliruhusiwa mgeni mmoja tu, binti yake Falone, na Symphorien alimngojea nje kwenye maegesho, barakoa usoni.

“Uncle, he says it's the rifle,” Falone alisema. “Anasema bunduki hakuisafisha tangu lockdown. But how did you know? Ulijuaje uende?”

Hapo ndipo angesema. Badala yake alijibu, “Moyo tu ulinisukuma.”

Loo, neno hilo! Jumapili iliyofuata lilikuwa kanisani. Mchungaji Ephraim alilifanya ushuhuda: Roho amemwamsha mtu Guildford, akamtuma safari ya saa tano kwa ndugu yake. Watu walimshika Symphorien mkono mpaka ukamuuma. Emérance hakupiga makofi. Nyumbani alimwekea chakula mezani na kwenda kulala, na hakumsemesha kwa siku kumi na mbili. Symphorien alitubu kwa Mungu kila asubuhi, lakini jicho halikuwa la Mungu.

Matanga yaliondolewa mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa kukodi, kwa kuku. Bizimana alisimama na kitambaa cheupe usoni, amekonda, akaomba radhi kwamba ameshindwa kuleta nyama aliyoahidi. Wengi walilia. Kisha akanyoosha mkono kuelekea meza ya Symphorien.

“Mke wangu alikwenda peke yake, hakuna aliyeweza kumfikia,” alisema. “Lakini mimi, bon, nina ndugu aliyeacha kila kitu akanifuata. Sympho, simama watu wakuone.”

Walipiga makofi. Symphorien alisimama, na hakungoja yaishe.

“Zile risasi zilikuwa mbovu,” alisema. “Sikuzikagua. Nilijua saa nne asubuhi. Na namba ya simu ya shamba nilikuwa nayo. Sikupiga. Niliona haya.”

Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa Kiingereza, mama yake akamziba mdomo. Bizimana aligeuza kichwa chote, maana sasa ilimbidi ageuze kichwa chote, akamtafuta Symphorien kwa jicho lililobaki.

“Saa nne,” alisema. Hakupaza sauti. “Saa nne nilikuwa jikoni kwa wenye shamba, Sympho, nakunywa chai. Simu yao ilikuwa hapo mezani, karibu na kikombe.”