Chura Hana Kitambulisho

Siku aliyostaafu kufua mashuka ya hospitali, Bi Dobi alirudi nyumbani na beseni la bati alilopewa kwa kuagwa. Lilikuwa na tundu. Mumewe, fundi baiskeli, akaliziba kwa kiraka cha mpira, na Bi Dobi akachimba shimo nyuma ya nyumba, akalifukia hadi ukingoni, akalijaza maji na kuweka matofali mawili ili kitakachotumbukia kipate pa kupandia. Mumewe alitaka kujua anamwekea nani. Bi Dobi akasema waje tu wanaokuja, maana wao wawili nyumba imewazidi.

Wiki ya pili akaja chura. Jua lilipokuwa linazama alianza kulia, ila hakulia kama chura. Alilia kama mtoto mchanga, kilio kikavu kinachokatika katikati, na Bi Dobi akakitambua palepale. Alikuwa amekisikia mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, kabla mkunga hajamtoa mtoto wake chumbani na kurudi mikono mitupu kusema amefariki. Mwili hakuonyeshwa. Aliambiwa hospitali imeshazika, na likizo ilipokwisha akarudi kufua mashuka ya wodi ileile.

Mumewe alitega sikio. "Ana njaa huyo," akasema.

Kesho yake Bi Dobi alirundika magogo yaliyooza penye kivuli. Wakaja mijusi na mwaka wa pili wa mtoto: maneno nusunusu, vicheko, na kikohozi cha siku tatu kilichomkosesha raha. Akaacha kufyeka nyasi, nyenze wakaingia na mwaka wa tano, wakihesabu hadi kumi na kuruka saba. Jirani alilalamika kwamba pale pamekuwa pori. Bi Dobi akamwomba radhi, kisha akapanda maua. Vipepeo hawakuwa na sauti, lakini walikuja na harufu ya nywele zilizotoka kuoshwa. Kalunguyeye alileta mwaka wa kumi na nne, akawa hasemi neno, anabamiza milango tu.

Mwaka wa kumi na moja haukupatikana. Alijaribu nyuki, akajaribu popo, wapi. Hadi leo hajui ni kiumbe gani aliyekuwa nao.

Kisha akaja ndege, kwezi. Alitua ukingoni mwa beseni asubuhi moja, akanywa, akasema kwa sauti ya msichana, "Mama, kitana changu kiko wapi?" Akajijibu kwa sauti ya mtu mzima, "Angalia chini ya mto, mwanangu."

Sauti hiyo ya pili Bi Dobi aliijua. Ndiyo iliyomwambia amefariki.

Alivaa viatu vyake vya kazini akaenda hospitali. Karani wa masjala alimpa kiti, wakajuliana hali, akafungua faili. Imeandikwa amefariki, alisema, na mkunga alihama zamani bila kuacha anwani. Bi Dobi akamweleza habari ya chura, mijusi na kwezi. Karani aliandika yote kwa mwandiko mzuri, bila haraka, hadi alipofika penye nafasi ya mashahidi. Hapo akaweka kalamu chini.

"Chura hana kitambulisho, mama. Kwezi naye ni hivyohivyo. Ungekuwa na mtu."

"Mtu ni mimi."

"Wewe ndiye mlalamikaji."

Akaigonga karatasi muhuri, akaitia kwenye droo, akamsindikiza hadi mlangoni.

Nyumbani alimkuta mumewe amepiga magoti, anasugua ukoga kwenye beseni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema amefariki."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Akamimina maji safi, akapangusa mikono kwenye suruali. "Leo kafaulu mtihani," akasema. "Kwezi alipita hapa."

Tangu hapo miaka ya nyuma ilikwisha, na kwezi akawa analeta ya siku hiyohiyo. Kila jioni wawili hao huketi kwenye kibaraza cha nyuma, hawaulizi kitu, kwa kuwa ndege hapeleki ujumbe, huleta tu. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba binti ameanza kazi, kwamba viatu vipya vinambana, kwamba bado anaogopa radi.

Juzi wingu zito lilikuwa linajikusanya. Kwezi alitua, akakung'uta mabawa.

"Mama, mvua inakuja," alisema msichana. "Funga dirisha."

Bi Dobi aliinuka, akaingia ndani, akafunga dirisha. Kisha akarudi nje, akaketi.