Bwana Hallam wa Ukurasa wa Mwisho

Mwaka 1992 kaka yangu Dalmas Ogola alifungua ofisi ya kuchapa karibu na soko la Jubilee, Kisumu. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta moja, printa moja ya kelele, na mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua taipu. Dalmas sasa ni marehemu, na wanaomkumbuka humkumbuka kwa mambo mengine. Mimi namkumbuka kwa hili.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi. Kwetu mtu wa maana hazikwi bila kijitabu. Kinakuwa na picha yake, historia ya maisha yake, nyimbo, na mwishoni orodha ya watakaozungumza. Orodha hiyo ndiyo hukaliwa vikao. Watu ambao hawakumtembelea mgonjwa hata siku moja hugombana wiki nzima kwa sababu wamewekwa wa saba badala ya wa nne.

Programu ya kompyuta tuliyotumia ilikuwa ya wizi. Hatukuona aibu, maana sikumjua mtu yeyote mjini aliyekuwa na ya halali. Ilitoka Nairobi ndani ya disketi tatu kwenye bahasha ya kaki. Mwalimu mmoja wa Maseno akainakili, Shitanda, mwenye ofisi ya kuchapa ng'ambo ya barabara, akanakili kwa mwalimu, na sisi tukanakili kwa Shitanda. Ukiiwasha, kioo kiliandika kwamba ni mali ya G. R. Hallam. Hatukumjua Hallam. Lakini kila asubuhi ofisi za kuchapa zilifunguliwa kwa jina lake, kana kwamba yeye ndiye tajiri wetu sote na amesafiri kidogo tu.

Jina lenyewe halikuishia kwenye kioo. Programu ililibandika chini ya ukurasa wa mwisho wa kila kitu tulichochapa, na hatukujua namna ya kulizuia, kwa sababu walioiba disketi hawakuiba kitabu cha maelezo. Tulilifuta kwa rangi nyeupe kabla ya kutoa nakala. Siku moja chupa ya rangi ilikuwa imekauka, nami nikasema haidhuru.

Kilikuwa kijitabu cha mzee mmoja wa Ahero aliyewahi kusimamia ghala la pamba. Mwongoza sherehe aliita wazungumzaji mmoja mmoja, kaka, wakwe, wajumbe wa kanisa, akafika mwisho wa orodha. Jina lililofuata chini yake lilikuwa G. R. Hallam, naye akalisoma. Umati uligeuza shingo. Mtu fulani akasema huenda gari limemharibikia njiani. Mwongoza sherehe akaomba watu wasimame kimya kidogo, kisha akatangaza kwamba rambirambi za Bwana Hallam zimepokelewa. Mjane alipongezwa mpaka jioni.

Jumatatu familia mbili zilikuja ofisini kuulizia kile kijitabu chenye mzungu.

Baada ya hapo hatukununua tena rangi nyeupe. Katika mwaka mmoja Bwana Hallam alikosa kufika kwenye mazishi mengi kuliko askofu. Mzee mmoja aliapa kwamba walifanya naye kazi reli. Mama mmoja alisema aliwahi kumpikia samaki na hakupenda mifupa. Familia zilianza kutaka tumpandishe, kwanza awe juu ya majirani, halafu juu ya walimu. Nakumbuka mkwe mmoja alilalamika kwamba yeye ameleta ng'ombe, na huyu ambaye hajaleta hata kuku ametajwa mbele yake.

Dalmas alicheka kama sisi wote. Aliacha kucheka mwaka 1994, mama yetu alipofariki.

Historia ya mama aliiandika mwenyewe kwa siku tatu. Aliandika jinsi mama alivyotukinga mvua kwa ngozi ya ng'ombe, na jinsi alivyoimba vibaya kanisani bila kujali. Watu walilia wakisoma. Kisha wakaja kutupa pole, na zaidi ya mmoja akatuambia kwamba Hallam amemwandika mama yetu vizuri sana. Baba mdogo ndiye aliyekuwa ameagiza jina libaki, kwa heshima ya ukoo. Dalmas alisema asante.

Mwezi uliofuata alikwenda Nairobi kununua programu yake. Alinisimulia kwamba muuzaji alimwuliza mara mbili kama ametumwa na wizara. Aliposema amejituma, muuzaji akawaita wenzake waje wamwone. Alirudi na kasha lenye vitabu viwili vizito kama Biblia, disketi zisizoandikwa kwa kalamu, na leseni. Leseni aliitia kwenye fremu, akaitundika ukutani karibu na ile ya biashara. Mkaguzi wa manispaa alipokuja aliichunguza sana, akauliza mbona haina muhuri wao.

Majirani walikuja kutazama kasha. Shitanda alipima kitabu kimoja mkononi.

"Omera, ndugu yangu, umesimama ndani ya ziwa halafu ukanunua maji," alimwambia.

Kisha akaomba kunakili. Dalmas alipokataa, Shitanda hakumsalimia wiki mbili. Alisema mjini kwamba hajawahi kuona mtu mchoyo namna hiyo.

Sasa kioo kilipowaka kiliandika Dalmas Ogola, na jina hilohilo likakaa chini ya ukurasa wa mwisho. Kitabu cha maelezo kilionyesha jinsi ya kuliondoa. Hakuliondoa. Niliwahi kumkuta akizima kompyuta na kuiwasha tena, akizima na kuiwasha, wala haikuwa na hitilafu.

Wateja waliona upesi. Familia ya kwanza iliuliza mzungu amekwenda wapi. Dalmas aliwaeleza habari za leseni na haki ya mwenye mali. Walimsikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dhehebu jingine, wakavuka barabara. Shitanda alikuwa ameshatundika kibao: HALLAM YUKO HAPA. Kufikia Agosti tulibaki na karatasi za mitihani na mialiko ya harusi ya watu wachache, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kumwonyesha fundi viatu chumba chetu.

Ndipo akaja Mzee Oketch wa Pap Onditi. Ndugu yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amefariki, na Mzee ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Yalikuwa mazishi makubwa, nakala mia tano, yenye maaskofu watatu ambao hawakupatana. Alisema wanamtaka Dalmas kwa sababu anaandika historia ikasomeka. Walikuwa na sharti moja tu, nalo alilitaja akiwa tayari amefungua mlango kuondoka.

"Kijana, hiyo programu yako mpya inakataa wazungu?"

"Haikatai, Mzee. Naweza kuandika jina lolote."

"Basi mwandike."

"Huyo mtu hatumjui. Tulimwibia disketi zake, jina likaja nazo."

Mzee Oketch alirudi akaketi. Alilipima jambo hilo kwa haki kabisa.

"Sisi hatuulizi mgeni ameletwa na nani," alisema. "Tunaangalia kama amepewa kiti."

Dalmas alimjibu kwamba historia ataiandika kama inavyostahili, lakini chini ya ukurasa wa mwisho litakaa jina la aliyeiandika. Mzee akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu. Si mwana, si mkwe, si mwanafunzi wake. Mzee alichukua kofia yake, na kupitia dirishani tulimwona akivuka barabara.

Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo leo nisingeyasema. Nilimwambia kiburi chake kitatulisha viatu. Nilimwambia ni jina tu, herufi chache, na Hallam mwenyewe hatajua kamwe.

"Najua hatajua," alisema. "Mimi nitajua. Mama nilimwandika mimi."

Siku mbili baadaye Mzee Oketch alirudi, safari hii na mjane, Mama Milka, mwanamke mfupi aliyeshika karatasi kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Ilikuwa rasimu ya Shitanda. Shitanda hakujua kuandika historia, kwa hiyo alikuwa amenakili ya marehemu mwingine na kubadilisha jina. Mwalimu mkuu alielezwa kuwa fundi cherehani hodari, mama mpendwa wa watoto tisa, na nguzo ya kwaya ya akina mama. Bwana Hallam alikuwa wa pili kwenye orodha, mbele ya maaskofu wote watatu.

Mzee Oketch alianza kusema kwamba hayo ni makosa madogo ya uchapaji. Mama Milka alimkatiza.

"Shemeji, mume wangu hakuzaa watoto tisa kwa tumbo lake." Akamgeukia Dalmas. "Andika wewe. Uweke jina unalotaka."

Dalmas alikwenda Pap Onditi, akakaa na mjane na watoto siku nzima. Historia aliyoiandika bado ninayo.

Siku ya mazishi tuliketi nyuma, chini ya turubai. Maaskofu walimaliza, wakwe wakamaliza, na mwongoza sherehe akafika chini ya ukurasa. Akakisogeza kijitabu mbali na macho, akamwita Bwana Dalmas Ogola. Kwa mazoea ya ukurasa huo, watu walisubiri kuona mzungu akiinuka. Alipoinuka kaka yangu katika koti lake la kahawia, walirudi kwenye mazungumzo yao.

Alisema hana la kuongeza, kwamba yote aliyopewa kuhusu mwalimu ameyaandika humo, na kwamba makosa yakiwepo ni yake. Akaketi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka.

"Wewe ndiye wa ofisi ya kule Jubilee? Kwani yule Hallam ni jamaa yako?"

"Hapana, Mama. Ni mtu niliyemwibia. Nimeshaacha."

Mama yule alimtazama juu hadi chini, akautoa mkoba wake chini ya kiti, akaupakata mapajani mpaka mazishi yalipokwisha.